Mchumia Juani

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Methali hii tumeizoea hata hatuiulizi kitu. Hupewa kijana mvivu ili ashike jembe, naye akiitikia huamini kwamba achumaye ndiye alaye. Lakini wako waliochuma juani miaka sitini, na waliokula kivulini wakawa wengine. Mtu wa namna hiyo tumwiteje: mwema wa kusifiwa, au mdai asiyelipwa?

Ninapouliza haya, mawazo yangu yako Kigoma, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Sisi watu wa pwani tunaijua Ujiji kwa misafara. Tunajua kwamba Burton na Speke waliwasili huko Februari 1858, kwamba Stanley alimkuta Livingstone huko mwaka 1871, na kwamba wafanyabiashara waliotoka kwetu walijenga huko, na Kiswahili kikapata watoto mbali na bahari. Aghalabu hatuulizi misafara ile ilikula nini. Nyuma ya kila kibaba kilichouzwa sokoni palikuwa na mkono ulioshika jembe, mara nyingi mkono wa mwanamke, na jina lake halikuandikwa.

Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, wanaume walianza kuipanda kuelekea mashariki. Wengi waliishia katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba kwa kuwa walihesabiwa kwa nambari. Toka mwaka 1944 wenye mashamba hayo walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, SILABU, na Kigoma ilikuwa miongoni mwa visima vyao vya nguvu kazi. Mume akaenda, mke akabaki na shamba. Alilima muhogo na maharage. Muhogo akauloweka, akauanika, akautwanga. Chikichi zilipoiva alizichemsha, akazitwanga, akakamua mawese, na kokwa akaziweka kando kwani nazo zina mafuta yake. Alizaa, akalea, akauguza wakwe. Ikaja Operesheni Kigoma ya 1972, watu wakahamishiwa katika vijiji vya pamoja. Nyumba zilihama, michikichi haikuhama, na wengi wakaongezewa mwendo wa kwenda na kurudi katika mashamba yao ya zamani.

Mwanamke huyu twamwita aliyejitolea. Kazi ya kutafsiri hunilazimisha kulipima neno kabla ya kulivusha, na hapa lenye uzito ni kile kiungo kidogo, “ji”. Kinasema kwamba mtoaji na kinachotolewa ni nafsi moja, na kwamba nafsi hiyo imeridhia. Kiondoe, ukigeuze kitenzi kidogo, utapata “kutolewa”, kama kafara inavyotolewa. Na mbuzi wa kafara hasifiwi kwa ukarimu. Basi binti aliyeozwa angali mwali, akaachiwa shamba na watoto, asione njia nyingine mbele yake, je, alijitolea au alitolewa?

Yuko atakayesema kwamba pasipo hiari hapana fadhila: alifanya alilolazimika kulifanya. Hoja hii siikubali. Lazima ilimpa jembe, haikumpa moyo wa kulishika. Hakuna aliyemlazimisha kumpakulia mtoto wa mke mwenzake sawa na wa kwake, wala kumpimia jirani unga mwaka wa njaa. Ndani ya chumba chembamba cha lazima alijitafutia pembe ya hiari, na wema wake ulikaa humo. Tukimnyima hata wema huo tutakuwa tumemdhulumu mara mbili.

Mwingine atasema: aliridhika, hakudai, kwa hiyo hadaiwi mtu. Hoja hii ni tamu zaidi, kwa kuwa inatufaa sisi tuliokula. Kasoro yake ni kwamba inaufanya ukarimu wa mama kuwa hati yetu ya kusamehewa. Mtoaji anaweza kusema “sidai”. Mpokeaji hana idhini ya kulitamka neno hilo kwa niaba yake.

Msomaji asidhani huu ni mchezo wa maneno. Tamko la Sheria za Kimila la mwaka 1963, lililohusu makabila yanayofuata ukoo wa baba, liliweka kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na wanawe, kama yeye alivyowatunza. Kanuni hiyo ina utamu wa shairi. Inayaheshimu mapenzi ya mama na mwana, na papo hapo inayafanya mapenzi hayo badala ya haki. Mwana mwema atamtunza mamaye. Aliyezaa mwana mbaya ataegemea wapi, na asiyezaa je? Msomaji wa Unguja au Lamu atanikumbusha kwamba Uislamu ulikwisha kumkatia mjane thumuni yake pale marehemu aachapo watoto. Ni kweli, lakini tumewaona wajane wangapi wakiambiwa, “Ya nini kugawa, si utakaa na wanao?”

Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la mwaka 1983, ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo, kwa sababu nyingine za shauri lile, ila tamko lilibaki: jasho la jikoni nalo ni jasho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo ikazibatilisha mila zinazomzuia mwanamke kumiliki ardhi. Wanasheria wamesogea. Sisi washairi je?

Tumemwimba mama mpaka vina vimechakaa. Mwaka uleule wa 1858, Burton alipokuwa Ujiji, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa akimtungia bintiye utenzi. Twajua alilotaka kumwachia mwanawe kwa sababu alikuwa na wino, akasema mwenyewe. Mkulima wa Ujiji wa siku zile hakuwa na wino, na hakuna aliyemuuliza. Tungo zetu humsifu subira, mara chache humuuliza alitaka nini. Sifa za namna hii ni sawa na kumnunulia kanga aliyekwisha kuvaa sanda.

Kwa hiyo methali yetu naisoma kama ahadi, si kama habari ya jambo litakalotokea lenyewe. Na ahadi hutimizwa na watu. Bibi angali hai, sisi tulio kivulini tumpishe mkekani. Jina lake liandikwe penye hati ya shamba alilolilima. Aulizwe anataka nini, na jibu lake lisikilizwe, hata likiwa silo tulilomtungia.