Kilichotoka Mkononi Mwako

Somo: Mithali 18:17; Yoshua 9

Wengi wenu mnajua kwamba tangu mwezi wa tano, kila Jumanne jioni, nimekuwa nikikaa ofisi ya nyuma na wazee wawili tukipokea madai. Kwa wageni nieleze kidogo. Ndugu yetu mmoja aliwaingiza watu katika mpango wa sarafu za kidijitali, wengine hapa kanisani, wengine kazini kwake. Siku moja mtandao ukazimwa, pesa zikaenda. Yeye mwenyewe alipoteza, lakini komisheni alikula. Akatubu, akauza pikipiki, akaongeza akiba yake, akaleta 173,500 na kusema, gawanyeni kwa haki.

Kwa haki! Ndipo kazi ilipoanza.

Hatukuwa na pengine pa kukimbilia. Benki ikianguka hapa Kenya, bima ya amana humlipa mteja hadi shilingi 500,000. Sarafu hizi hazina bima hiyo, na Benki Kuu ilituonya tangu Desemba 2015. Wenzetu Uganda mwishoni mwa 2019 walikuta ofisi za Dunamiscoins zimefungwa, na maelfu wakabaki wakililia mtaji wao.

Basi watu 19 walituletea madai ya jumla ya 1,260,000. Nilishtuka. Kumbe wengi waliandika walichokiona kwenye skrini siku ya mwisho, mtaji na faida pamoja. Dada mmoja aliweka 50,000. Skrini ilimwonyesha 210,000. Akaniuliza, "Pasta, si hizo ni zangu?"

Dada yangu, hapana. Hakuna biashara iliyofanyika pale. Faida uliyoiona ilikuwa tarakimu tu, na aliyewahi kulipwa faida alilipwa mtaji wa aliyeingia nyuma yake. Tungegawa kwa hesabu ya skrini, wewe ungepata 30,000, na kijana aliyeingia wiki ya mwisho na 40,000 zake, skrini ikisoma 42,000, angepata 6,000. Tukihesabu kilichotoka mkononi kasoro kilichorudi, komisheni ikiwemo, madai yote yanashuka hadi 450,000. Wewe unapata 20,000, yeye 16,000. Zile 10,000 za tofauti ni jasho lake. Kule Marekani, Bernard Madoff alipokamatwa Desemba 2008 kwa ulaghai wa namna hii hii, msimamizi Irving Picard alitumia hesabu hiyo. Wakampinga kortini, na mwaka 2011 mahakama ya rufaa New York ikamwunga mkono. Waliokuwa wamechukua zaidi ya walichoweka hawakulipwa, na wengi wao walidaiwa warudishe.

Hapo nami niliguswa. Niliweka 20,000, nikatoa 26,500. Mtu wa digrii ya biashara! Nilikuwa nimejiambia hiyo ni akili. Kumbe 6,500 zile zilikuwa za mtu, na pengine huwa anaketi mstari wa tatu nikihubiri. Nilizirudisha kabla sijamhoji mtu yeyote, mfuko ukafika 180,000. Wazee walijua. Nyinyi hamkujua, na sasa mnajua.

Wengine wamenung'unika kwamba kuwaomba watakatifu ushahidi ni kukosa upendo. Lakini Mithali inatuonya tusimalize kesi kwa kusikia upande mmoja. Yoshua na viongozi wenzake walionyeshwa mkate wenye ukungu na viatu vilivyochakaa, wakaamini, wakafanya agano na Wagibeoni waliotoka karibu tu. Ushahidi hutengenezwa. Sisi tuliletewa ujumbe wa M-Pesa ambao nambari yake ya muamala ilikuwa na herufi na tarakimu tisa. Za kweli huwa kumi. Tangu siku hiyo picha za simu hatupokei, tunataka taarifa rasmi ya M-Pesa. Hata soko la mifugo hapa Garissa, dalali husimama kwa ajili ya muuzaji, ili mwenye ng'ombe akitokea kesho kuwe na wa kuulizwa. Sijasikia mtu akisema dalali hana upendo.

Hata hivyo karatasi haimwoni kila mtu. Mama mmoja muuza mboga hakutuma hata senti kwa simu yake. Alimpa kijana wa jirani 30,000 taslimu amtumie. Kwenye taarifa ya kijana pesa zipo, kwa jina la kijana, naye alizidai kama zake. Mzee mmoja akasema kanuni ni kanuni. Nilikataa, na nadhani nilipandisha sauti (mzee, unisamehe). Kumbukumbu la Torati 19 inataka mashahidi wawili au watatu. Karatasi ni mmoja. Akina mama wawili wa chama chake walikuja na daftari: siku ile zamu ya kupokea ilikuwa yake, 30,000. Saa moja baadaye, taarifa ya kijana inaonyesha ameweka 30,000 kwa wakala, na dakika nne baadaye amezituma.

Kijana alipoonyeshwa tarehe hizo alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema ziandikwe kwa mama.

Jumapili iliyopita mama alipokea 12,000, akazihesabu mara mbili mbele yetu. Kijana hajaonekana ibadani tangu jioni ile. Alhamisi nitaenda kwao, bila daftari.