Nani Ameze Kwanza?

Vijana wanaosomea shahada ya juu ya ufamasia hufundishwa kwamba dawa mpya huanza kwa panya, huishia kwa binadamu. Swali langu, ndugu msomaji, ni dogo tu: binadamu yupi?

Tu Youyou wa China alilijibu kwa mdomo wake. Mwaka 1971 kundi lake lilipata dawa ya malaria kutoka mmea wa qinghao, jamaa ya pakanga yetu. Panya walipona, kima wakapona. Mwaka 1972, kabla mgonjwa hajapewa, yeye na wenzake wakaimeza wenyewe. Mama huyu hakuwa na shahada ya uzamivu, lakini mwaka 2015 alipata Nobel. Dawa ya mseto tunayopewa zahanati, chimbuko lake ni huko.

Stori tamu. Wengi husema hayo ndiyo maadili: usimpe mwenzio usichothubutu kumeza. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nami nakubali, ila nusu.

Mwaka 1994 utafiti uliofanyika Marekani na Ufaransa ulionyesha kuwa AZT hupunguza kwa takribani theluthi mbili maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Baada ya hapo yalifanyika majaribio Afrika, Tanzania ikiwamo, ambamo baadhi ya wajawazito walipewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka 1997 mjadala ukawaka. Watetezi walisema dozi ndefu ni ghali, na akina mama hawa walikuwa hawapati chochote. Basi dozi fupi ijaribiwe, tena upesi. Hoja si ya kijinga. Dozi fupi kweli ilisaidia.

Sasa tazama: kidonge kile kitupu mtafiti yeyote angekimeza bila kusita. Hakidhuru. Kipimo cha kumeza anakifaulu, na bado moyo wangu hautulii, kwani madhara hayakuwa ndani ya kidonge. Yalikuwa katika kile ambacho mama hakupewa. Mtafiti hakuuleta umaskini wake, sawa. Lakini aliukuta, akaupangia hesabu.

Kwa hiyo kumeza kwanza hakutoshi. Mtafiti ajiulize: dada yangu mjamzito angeingia kwenye bahati nasibu ile, ningetia saini?

Ujasiri wa Tu tunaweza kuusimulia darasani. Lakini kukaa kwenye benchi la yule mama, kliniki, akisubiri kidonge asichokijua, jamani, hilo ni somo la mwaka wa ngapi?