Mgeni Mbele ya Sanamu

Adabu ya mgeni katika nchi zetu ni jambo lililokwisha pangwa kabla mgeni mwenyewe hajazaliwa. Hubisha hodi, huketi anapoelekezwa, husifu alichoandaliwa hata kama chumvi imezidi, wala hakagui nyumba ya watu kwa macho. Adabu hiyo ni njema, nami sikusudii kuibomoa. Lakini ziko nyumba ambazo wenyewe wamezipanga makusudi ili zikaguliwe. Mwenyeji amesimamisha sanamu juu ya makabati na kandokando ya kuta, na mgeni asipozitazama, mwenyeji huona amedharauliwa. Hapo mgeni hulazimika kutazama, na akiisha kutazama hungojewa aseme neno. Je, neno gani ni haki yake kulisema?

Swali hili laonekana dogo, la sebuleni tu. Walakini mfano wake ulio mzito kupita yote niijuayo ulianzia katika mkoa wetu huu wa Katavi, mjini Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1879 Mbelgiji aitwaye Cambier alijenga kituo pale kwa niaba ya jumuiya iliyosimamiwa na Mfalme Leopold II. Mwaka 1882 kituo kilishikwa na ofisa mwingine, Émile Storms, na mwaka uliofuata Storms akavuka ziwa akaanzisha kituo cha Mpala katika nchi ya Watabwa. Huko alimkuta jumbe mwenye nguvu, jina lake Lusinga, na fahali wawili hawakukaa zizi moja. Mwezi Desemba 1884 watu wa Storms walikivamia kijiji cha Lusinga, wakamwua, wakamkata kichwa. Kichwa kililetwa kwa Storms. Pamoja na nyara nyingine ilichukuliwa sanamu ya mti, mfano wa mzee wa ukoo wa Lusinga, yenye nywele zilizosukwa zikateremka mgongoni na chale zilizochanjwa kwa mkono usiotetemeka. Mwaka 1885 Storms alirejea kwao, na vituo vyote viwili, Karema na Mpala, vikachukuliwa na Mapadre Weupe. Sanamu ilikwenda naye. Akaipanga nyumbani kwake, katika jiji la Brussels, pamoja na silaha na vitu vingine alivyotoka navyo Afrika.

Sasa tumjaalie mgeni mmoja wa nyumba hiyo: mtu mwema, msomi, mwenye desturi nzuri. Ameketi, amepewa kinywaji, na mbele yake imesimama sanamu ile. Akisema, “Kazi nzuri hii,” amesema kweli, maana ni nzuri. Akisema, “Bwana wee, uliona mengi huko,” amesema kweli pia. Akinyamaza, hakuvunja adabu yoyote. Mambo yote matatu yamekubaliwa na ustaarabu, na yote matatu yaiacha damu palepale chini ya zulia. Nami sioni kwamba mgeni huyu ni mwovu. Naona kwamba adabu yake ilitungwa kwa ajili ya nyumba zenye mikeka na vyungu, wala si kwa ajili ya nyumba zenye nyara.

Yuko atakayenijibu kwamba mti ni mti, na ya kuwa heshima na dharau zote zimo katika vichwa vya watu. Hoja hii huvuma sana midomoni mwa vijana wetu waliosoma falsafa mwaka mmoja. Nakubali nusu yake. Bendera nayo ni kitambaa, na pete ya ndoa ni kipande cha madini. Hata hivyo hapana anayeikanyaga bendera kwa bahati mbaya mara mbili. Na zaidi ya hayo, Storms mwenyewe hakuamini kwamba sanamu ile ni mti. Kama angaliamini hivyo, asingaliisafirisha kutoka milima ya Marungu hadi pwani, na kutoka pwani hadi Ulaya. Miti haikumpungukia Ubelgiji. Aliichukua kwa sababu alijua ilikuwa na thamani kubwa kwa mwenyewe. Nyara isiyomwuma aliyenyang’anywa si nyara, ni mzigo tu. Basi mwenye kuipanga nyara sebuleni huitegemea heshima ileile anayoikanusha: huwaambia wageni kwa mdomo kuwa kitu hiki ni pambo, na kwa kukipandisha mahali pa juu huwaambia kuwa ni zaidi ya pambo.

Jambo hili nalisikia likisemwa kwa maneno machache kuliko yangu. Najua nyumba moja Mpanda ambayo mwenyewe, mtumishi wa serikali aliyestaafu, amekusanya sanamu kwa miaka mingi. Ziko za Kinyamwezi, za Kimakonde, na chache za kandokando ya ziwa. Nimepata kuketi pale siku kadha wa kadha na kuwatazama wageni badala ya kuzitazama sanamu. Mfanyabiashara huuliza bei kabla hajamaliza kusalimu. Mwanafunzi hutoa simu akajipiga picha, sanamu ikiwa nyuma ya bega lake kama rafiki. Mwinjilisti mmoja aliomba kiti chake kigeuzwe asielekeane nazo, akala ubwabwa wake akitazama mlango. Wengine walimcheka, mimi sikumcheka, maana kati ya wote hao yeye peke yake alidhani kwamba sanamu yaweza kuwa na neno naye. Kisha alikuja bibi mmoja wa Kibende, mgonjwa wa miguu, aliyeletwa na mjukuu wake. Aliitazama sanamu moja ndefu, akamwuliza mwenyeji, “Mwanangu, huyu humpa nini?” Mwenyeji akacheka kwa upole, akajibu, “Mama, huu ni mti tu.” Bibi akasema, “Kama ni mti tu, mbona umempandisha juu, nasi tumeketi chini?”

Mwinjilisti na bibi hawangepatana juu ya dini hata siku moja. Lakini wote wawili walikitendea kitu kile kama kitu chenye asili na wenyewe. Mfanyabiashara na mwanafunzi, ambao hawakuogopa wala hawakukosea adabu, walikitendea kana kwamba kilizaliwa juu ya kabati. Ndiyo maana nathubutu kusema kwamba woga, mbele ya sanamu, mara nyingi una ukweli zaidi kuliko sifa.

Je, mgeni asemeje basi? Nafikiri liko swali moja ambalo ni haki yake, nalo ni hili: “Umeipataje?” Si tusi. Mwenye kitu chake kwa njia safi hulifurahia, naye atakueleza mchana kutwa. Swali hilo hilo limefanya kazi hata kwa majumba makubwa. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa mwaka 1984 katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kilionekana baadaye katika jumba la makumbusho la Barbier-Mueller mjini Geneva, na mwaka 2010 kilirudishwa Tanzania. Kilirudi kwa sababu kuna watu ambao hawakuridhika kusema kuwa ni kizuri.

Lakini anayeuliza awe tayari kulipokea jibu lote. Lusinga hakuwa malaika. Aliteka watu akawauza, na nguvu zake zilitokana kwa sehemu kubwa na biashara hiyo. Sanamu ya mzee wake iliutukuza ukoo ambao majirani waliulilia. Hilo halimsafishi Storms hata tone, maana kosa la aliyeibiwa si hati ya mwizi. Ila lamzuia mgeni asibadili sifa moja ya uvivu kwa nyingine.

Ziko heshima ambazo hazikupata kupangwa sebuleni. Karibu na Ziwa Katavi, ndani ya Hifadhi ya Taifa, husimama mkwaju ambao wenyeji hunena kuwa ni makao ya roho ya Katabi, mwindaji wa kale, ambaye kwa jina lake hifadhi na mkoa huitwa. Watu huacha sadaka shinani. Hapana sanamu pale, wala mwenyeji anayengojea kusifiwa. Mtalii hufika, huona mti, akauliza njia ya viboko. Sijui kama tuuhurumie mkwaju ule kwa kupitwa hivyo, au tuupongeze kwa kuwa hapakuwa na mtu awezaye kuubeba.

Storms alifariki mwaka 1918, naye alikuwa amefikia cheo cha jenerali. Katika miaka ya 1930 mjane wake alizitoa sanamu kwa jumba la makumbusho la Tervuren, na ile ya Lusinga ikahesabiwa miongoni mwa kazi bora za jumba hilo. Sanamu ya Storms mwenyewe, ya kichwa na mabega, ilisimama katika bustani ya Brussels kwa karne moja na kupita, ikaondolewa mwaka 2022. Fuvu la Lusinga nalo liliingia katika hazina ya taasisi ya sayansi asilia mjini Brussels. Mzee wa mti alikwenda nyumba moja, mjukuu wake nyumba nyingine, na mgeni aliyeingia katika ile ya kwanza akasifu nywele zilizosukwa hakuwa na sababu ya kugonga mlango wa ile ya pili.