Toba ya Jim Devlin na Dola 50 za Hulbert

Jim Devlin alikuwa mrushaji wa Louisville Grays, yaani mchezaji anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani na ambaye, kwa nafasi hiyo, anaweza kuuharibu mchezo kuliko mwenzake yeyote. Katika Ligi ya Taifa ya besiboli ya Marekani alidumu misimu miwili tu, ya 1876 na 1877. Timu yake iliyokuwa ikiongoza ligi ilipoanza kufungwa ovyo, telegramu za wachezaji zilikaguliwa, Devlin akakiri kupokea fedha za wacheza kamari, na yeye na wenzake watatu wakafungiwa maisha.

Albert Spalding, aliyeshuhudia, anasimulia kwamba Devlin alimwendea rais wa ligi, William Hulbert, ofisini Chicago, akiwa na nguo chakavu wakati wa baridi, akapiga magoti akiomba ahurumiwe kwa ajili ya mkewe na mtoto. Hulbert, huku akilia, alimpa dola 50, kisha akakataa katakata kumfungulia.

Je, huo ni msamaha, au ni ukatili uliovikwa huruma? Wanazuoni wa Kiislamu hutenganisha haki ya Mungu na haki za waja, yaani madai ya wanadamu waliodhulumiwa, na hufundisha kwamba toba ya haki za waja haikamiliki mpaka wenyewe warudishiwe chao au wasamehe. Kwa kipimo hicho, waliodhulumiwa na Devlin ni watazamaji waliolipa kiingilio wakidhani wanaona mashindano ya kweli, na hakuna awezaye kuwakusanya wote ili wamwachilie. Hulbert alikuwa mdhamini wa haki yao tu, na mdhamini hasamehi deni la mwingine. Dola 50 zilikuwa zake, ndiyo maana aliweza kuzitoa.

Hoja hiyo ni nzito, lakini haitoshi kuhalalisha adhabu isiyo na kikomo, kwa kuwa mdhamini anawajibika pia kupima uzito wa kosa, na hapa hakupima: Bill Craver, mmoja wa wale wenzake watatu, aliyekataa telegramu zake zisomwe, alifungiwa sawasawa na waliokiri. Tena Devlin alilalamika kwamba klabu ilichelewesha mishahara, jambo lisilofuta kosa lake, ingawa linaongeza mdaiwa mwingine kwenye hesabu. Jiji la Philadelphia, kwa upande wake, lilimwajiri kuwa polisi, likamkabidhi ulinzi wa sheria, naye akabaki katika kazi hiyo hadi kifua kikuu kilipomuua mwaka 1883.