Deni la Mwenye Mbwa

Mtu afugaye mnyama hujitwalia deni. Neno hili hukubaliwa upesi likisemwa juu ya ng'ombe, na hubishwa upesi likisemwa juu ya mbwa. Katika mashamba ya Kachibora, chini ya vilima vya Cherangany, ng'ombe wa maziwa akivimba matezi chini ya masikio, mwenyewe hapati usingizi. Huijua ndigana kali, maradhi yaletwayo na kupe, na hujua kuwa siku chache za kukawia zaweza kumkosesha ng'ombe na maziwa pamoja. Daktari wa mifugo huitwa, na fedha hupatikana, hata kama ni za kukopa. Katika ua huo huo mbwa hujikuna upele mwezi mzima, na hapana aulizaye.

Sababu haijifichi. Maziwa hupimwa kwa lita na kulipwa kwa shilingi. Mwizi ambaye hakuja haandikwi katika daftari la mapato. Lakini alalaye fofofo kwa kuwa mwingine yu macho hawezi kusema kuwa hakupokea kitu.

Hata hivyo, sioni kuwa hoja ya faida ndiyo yenye nguvu. Kama tunamtibu mnyama kwa faida yake tu, basi siku ang'okapo meno kwa uzee deni limekwisha, na moyo wa mwungwana huikataa hesabu hiyo. Hoja nzito ni mnyororo. Mbwa mwitu akiugua hutafuta maji na kivuli kwa hiari yake. Huyu wa nyumbani tumemfunga mchana kutwa, tukamchagulia chakula na malazi. Amwondoleaye kiumbe uwezo wa kujisaidia amejitwika kazi ya kumsaidia.

Je, karo ya mtoto icheleweshwe kwa ajili ya mbwa? La, mtoto hutangulia. Lakini swali hili aghalabu huulizwa mnyama akiwa amekwisha kulala chini. Wakati wake ni siku ile mtoto wa mbwa aletwapo nyumbani ndani ya kikapu, bure, zawadi ya jirani. Bure hiyo ni ya siku moja. Baada yake kuna chanjo, dawa za minyoo na kupe, na jeraha lisilotazamiwa. Mahindi yauzwapo, fedha za mbegu na mbolea hutengwa. Fungu dogo la mnyama laweza kutengwa siku hiyo hiyo. Na awezaye kumtunza mbwa mmoja asifuge wanne.

Daktari naye atafutwe kabla ya kuhitajiwa. Tangu 2013 huduma za mifugo zimo mikononi mwa kaunti, kwa hiyo mkaaji wa Kachibora aweza kuanza kwa kuuliza katika ofisi za mifugo za Trans Nzoia. Sheria ya mwaka 2011 yataka matabibu wa wanyama waandikishwe na bodi yao, wala si utovu wa adabu kumwomba mtu cheti chake. Kuuza chupa ya dawa peke yake hakumfanyi mtu kuwa tabibu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni jambo la namna nyingine. Tangu Louis Pasteur alipomtibu mtoto Joseph Meister mwaka 1885, aliyeumwa huweza kuokolewa akidungwa sindano mapema. Dalili zikisha kutokea, karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa hudungwa sindano moja kwa mwaka. Mtoto aliyeumwa hudungwa mara kadhaa, kwa muda wa majuma. Aikwepaye gharama ile ndogo hakuifuta: ameihamishia kwa jirani, nayo imekua, tena bila kumwuliza.

Yuko pia maskini ambaye mbwa wake hatapona, au matibabu yake yamemshinda kabisa. Akimwomba daktari amwue mnyama bila maumivu, sioni kuwa amelikimbia deni lake. Wengine humtia mbwa wa namna hiyo ndani ya gunia, wakamwacha sokoni usiku. Huko hungojewa na njaa, na mawe, na magurudumu ya malori ya mahindi.