Fizikia ya Mpemba

Tukiwa sekondari, kuna binti darasani kwetu aliuliza swali ambalo mwalimu alilipuuza. Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikiwemo. Hakuuliza tena mpaka tunamaliza. Namkumbuka kila ninaposikia Watanzania tukijivunia Athari ya Mpemba.

Kisa chenyewe tunakijua, au tunadhani tunakijua. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Magamba Sekondari. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu, na nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania. Mwenzake akaingiza maziwa bila kuyachemsha. Mpemba alishachemsha ya kwake, akayaingiza yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado.

Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akauliza tena akiwa Mkwawa, Iringa. Mwalimu wa huko akamjibu kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Ukawa utani wa darasa: akikosea hesabu, basi ni hesabu ya Mpemba.

Siku mwanafizikia Denis Osborne alipokuja kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Mpemba akauliza mbele ya watu wote. Wenzake wakacheka. Osborne akaahidi kujaribu. Fundi wake wa maabara alipoona maji ya moto yametangulia kuganda, akasema atarudia mpaka apate jibu sahihi. Yaani jibu alilokuwa nalo kichwani tangu mwanzo! Mwaka 1969, Mpemba na Osborne wakachapisha makala yao.

Sasa, Aristotle aliwahi kuandika jambo hilohilo karne nyingi kabla. Na mwaka 2016, watafiti Burridge na Linden walichapisha kwamba hawakupata ushahidi wa kutosha, na kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kugeuza matokeo. Ubishi haujaisha.

Je, ikija kuthibitika kuwa maji ya moto hayatangulii, jina lifutwe? Wengi wetu tutaumia, kwa sababu tunamheshimu Mpemba kwa kuwa alikuwa sahihi. Mimi naona tumeshika pasipo. Haki ya kusikilizwa haitokani na jibu litakalopatikana baadaye. Siku ile Iringa hakuna aliyejua jibu, si mwalimu, si waliocheka. Tofauti ni kwamba Mpemba alikuwa amefungua friji na kuona kwa macho yake.

Tukisema tulimdharau mtu ambaye kumbe alikuwa sahihi, tunajisamehe kirahisi mno. Maana yake anayeuliza na kukosea alistahili kuchekwa.

Yule binti, hata sikumbuki kama swali lake lilikuwa na maana. Nakumbuka tu kwamba hakuna aliyekwenda kuangalia.