Pamba Fifi Kwenye Mizani ya Mungu

Soma Warumi 3:21–26 na 4:4–8. Mungu anawezaje kumhesabia haki mtu asiye mkamilifu, Naye akabaki kuwa wa haki?

Wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza, ni nchi ya pamba, na ndiko kilipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru. Mkulima wa huko huyatenga mavuno yake mawili. Pamba nyeupe isiyo na uchafu ni safi, daraja la kwanza. Yenye madoa na iliyoharibiwa na wadudu ni fifi, daraja la pili. Wapo wanaojaribiwa kuficha fifi ndani ya safi, au kuchanganya maji na mchanga ili uzito uongezeke.

Fikiria mkulima wa namna hiyo, aliyeguswa na Injili akabatizwa. Katika Shule ya Sabato anasikia kwamba Mungu amemhesabia haki, na usiku hapati usingizi. Ujanja wa mizani anaujua. Kuandika fifi kuwa safi ni wizi, na Mithali 11:1 inaonyesha jinsi Bwana anavyochukia kipimo cha uongo. Basi Mungu Mwenyewe amefanya nini alipomwita mwenye dhambi mwenye haki?

Paulo halikwepi swali hilo. Kabla ya kufundisha juu ya neema, anaonyesha kwamba wote wametenda dhambi. Gunia la kila mtu limemwagwa chini, na fifi imeonekana. Mungu hakuiita safi. Badala yake alimtoa Mwanawe, ambaye maisha Yake makamilifu yanahesabiwa kwa mwamini na ambaye kifo Chake kimelipa deni lote.

Je, hilo si sawa na kupima gunia la jirani? Lingekuwa udanganyifu kama gunia lingeibwa, au kama mpimaji asingejua. Lakini hapa anayelitoa ni Mwenye mizani Mwenyewe, kwa hiari, mbele ya malimwengu yote. Mkulima hana la kuficha tena.

Watu wanaoiheshimu sheria ya Mungu wanaweza kulisahau jambo hili. Mwaka 1888, katika kikao cha Konferensi Kuu kule Minneapolis, Marekani, A. T. Jones na E. J. Waggoner walihubiri haki ya Kristo ipokelewayo kwa imani. Baadhi ya viongozi waliwapinga, lakini Ellen White aliwaunga mkono. Sheria inaonyesha madoa ya pamba. Haina uwezo wa kuyaondoa.

Soma Luka 19:1–10. Yesu alijialika nyumbani kwa Zakayo kabla Zakayo hajaahidi kurudisha chochote. Vivyo hivyo, mkulima yule anakwenda kwa mnunuzi wake, anakiri juu ya mchanga, na kulipa alichopunja. Halipi ili akubaliwe. Analipa kwa sababu amekwisha kukubaliwa. Msimu ujao huenda mkono wake ukatamani tena ndoo ya maji. Hata akianguka, Wakili wake yupo (1 Yohana 2:1), na Wakili huyo hamwachi aendelee kuipenda ile ndoo.

Jadilini: Mtu anayesema amehesabiwa haki, lakini hataki kurudisha alichodhulumu, amekielewa nini kuhusu msalaba? Na yule aliyekwisha kurudisha yote, lakini bado anaogopa kumkaribia Mungu, darasa lenu litamwambia nini?